Kitufe cha Kuja

Nsemulwa, Mpanda
14 Septemba 2024

Shemeji Rénovat,

Mwangaluka. Najua huko monasterini barua mnagawiwa Jumapili tu na simu mliziacha mlangoni, kwa hiyo nimekwenda posta kununua stempu. Mama wa dirishani aliniangalia mara mbili, akauliza kama nina uhakika ni stempu ninayotaka na siyo vocha.

Niseme moja kwa moja. Kompyuta ya baba imeungua. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kabla sijaifikia soketi moshi ukatoka. Tangu siku hiyo baba yenu hana sauti. Kiharusi kilimchukulia ulimi na mkono wa kulia, wewe ukamrudishia maneno kwa ile programu yako, na sasa maneno yameondoka tena. Anakaa mezani na ile kibodi uliyoibandika picha kwenye vitufe, anabonyeza kwa mkono wa kushoto, hakitoki kitu, anabonyeza tena. Unakijua kichwa chake tangu augue. Ukimuuliza unataka chai, anatikisa ndiyo. Ukimuuliza hutaki chai, anatikisa ndiyo vilevile na kutabasamu. Kwa hiyo bila programu hakuna ajuaye mzee anataka nini. Akili zake zote zimo mle ndani na mlango umefungwa, na mimi ndiye ninayekaa naye kutwa nikiutazama huo mlango. Inaniuma, shemeji.

Usinione fundi wa kubahatisha. Diski ni nzima. Parokia imetupa laptop mpya, nikaiwekea Linux ya siku hizi, nikanakili programu yako nikaiita. Unajua imenijibu nini? Kwamba faili halipo. Nalitazama kwa macho yangu, jina lake ni lile na ukubwa wake ni ule, na mashine inaniambia halipo! Nikajaribu kuwasha mfumo wenyewe wa zamani kwenye laptop: giza tupu, haujui skrini za sasa. Kompyuta za umri ule nimezitafuta mji mzima, zote zilishauzwa kama vyuma chakavu.

Nitumie sosi kodi, yale maandishi uliyoyaandika wewe kabla hayajawa programu. Nikiyapata nitayageuza upya humuhumu, nayo itakubali. Ninyi Warundi baba mnamwita data. Basi data yako imekwama, na siyo ile ya kwenye bando.

Jioni ndiyo naumia zaidi, kwa sababu ndiyo saa yake ya kukuita. Tangu uondoke, chakula kikitoka mezani alikuwa anabonyeza jina lako, halafu "kuja". Rénovat, kuja. Nami namjibu, atakuja baba, vuta subira. Sasa anabonyeza hivyohivyo, kimya.

Jean Bosco yuko njiani na lori la mpunga. Mume wangu huyo siku hizi namfahamu kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Anakusalimu.

Shemeji yako,
Minza

*

Monasterini
29 Septemba 2024

Shemeji Minza,

Amani kwako. Barua yako nimepewa leo baada ya Misa. Mlezi wa wanovisi huzisoma kwanza, kwa hiyo habari ya data na bando anayo, na alicheka.

Sosi kodi sina. Tulipoingia tuliambiwa tuache vyote, nami nikaacha kwa mbwembwe zangu zote: laptop nikaigawa, na kabla ya kuigawa nikafuta kila kilichokuwamo. Kilichobaki duniani ni hiyo programu iliyokwisha geuzwa, na ugali ukishaiva haurudi kuwa unga. Maana yake ni kwamba hata ukiifufua, hutaweza kuongeza neno wala kupunguza. Baba atakuwa na maneno yale niliyompa, basi.

Hilo la "faili halipo" lisikusumbue. Faili lipo. Asiyekuwepo ni mpokezi wake. Programu yangu ni ya mashine za zamani, na ikiamka humwita kwa jina mpokezi wa zamani aje aiongoze. Mfumo wako mpya hauna mtu wa jina hilo, na badala ya kusema hivyo unasema faili halipo. Mweke huyo mpokezi, ndipo utaliona kosa la pili. Hilo ndilo baya.

Kwenye Linux karibu kila mtu hutumia kompaila moja kugeuza maandishi yake kuwa lugha ya mashine. Mimi nilitumia nyingine. Ilitoa programu nyepesi, na kompyuta ile ilikuwa dhaifu. Tena niseme ukweli, nilipenda kuwa na kitu ambacho wenzangu hawana. Sasa, kila kompaila ina desturi yake ya kuandika majina ya kazi zilizomo ndani na ya kukabidhiana vitu. Desturi zikipatana, programu ya huyu huita maktaba ya yule, yaani ghala lake la kazi zilizo tayari, na kuitikiwa. Zisipopatana, jina ni lilelile kwa binadamu lakini mashine inaona mgeni. Kompaila ile siku hizi haina mwenyewe. Maktaba zake utazipata kwenye diski hiyo uliyoishika, kwingine sidhani.

Kwa hiyo usiilazimishe programu izoee mfumo mpya. Chukua mfumo wote wa zamani, uweke ndani ya folda moja ya mfumo mpya, kisha uifungie programu humo, iamini kwamba folda hiyo ndiyo dunia nzima. Kiini cha Linux mpya bado kinazielewa programu za zamani. Ahadi hiyo hawajaivunja. Vinavyovunjika ni vile vilivyojengwa juu yake.

Nina swali dogo. Hilo neno "kuja", baba alikuwa analibonyeza kwenye kitufe kipi? Vipo viwili.

Ndugu yako katika Kristo,
Rénovat

*

Nsemulwa
13 Oktoba 2024

Shemeji,

Kwetu Usukumani mgeni akisema "kabla sijaondoka, nina neno dogo", wenye nyumba wanakaa chini upya. Nawe umeniandikia kurasa nzima za kompaila, halafu swali dogo ukaliweka mkiani. Sasa nimekaa chini. Kuna nini kwenye hicho kitufe?

Kipi anabonyeza sijui, na utanisamehe. Mama alinifundisha kwamba mkaza mwana hasimami mgongoni kwa baba mkwe wala hamsogelei hadi kumhesabu vidole. Chakula naweka mezani, narudi kukaa pale karibu na mlango, namsikiliza. Kuoga anaogeshwa na jirani yetu Gabrieli. Miaka yote hii tangu augue mimi namjua kwa sauti ya programu, tena sauti yenyewe ni yako uliyoirekodi. Ukinitania kuwa Wasukuma tuna heshima za kizamani, nitakukumbusha kuwa ndizo zinazomlisha baba yako.

Kazi imefikia hapa. Mpokezi nimemweka. Kosa la pili likaja kama ulivyosema, ukurasa mzima wa majina yenye mikia mirefu, kila moja linatafutwa na halijulikani. Nimeyasoma majina yale nikajicheka. Siku yangu ya kwanza hapa nilimpigia baba magoti nikasalimu kwa Kisukuma, naye akanijibu kwa Kirundi, wote wawili kwa heshima zote, na hakuna aliyeelewa kitu.

Sasa nahamisha mfumo wa zamani kwenye folda kama ulivyoelekeza. Diski inakwaruza, nanakili kidogo kidogo kwa woga. Kibanda changu cha ufundi sokoni nimekifunga kwa sababu mzee hawezi kuachwa peke yake na hawezi kusema akitaka kitu. Wateja wanapiga, nawaambia kesho. Hasira ninazo, na nyingine ni zako. Wewe umejifungia huko kwa hiari yako na kengele zinakuamsha kwa nyimbo. Mimi nimefungiwa hapa na ukimya wa watu wawili, mmoja mezani na mmoja monasterini.

Jibu swali langu.

Minza

*

Monasterini
27 Oktoba 2024

Shemeji Minza,

Una haki ya kukasirika. Nakujibu.

Kwa Kirundi, kuja ni kwenda. Unalijua hilo, umekaa kwetu. Ukilisikia katikati ya maneno ya Kirundi huwezi kukosea. Lakini likisimama peke yake wewe unasikia Kiswahili, mimi nasikia Kirundi. Nilipotengeneza kibodi niliweka safu ya juu ya Kirundi na safu ya chini ya Kiswahili, ili baba aseme na sisi kwa lugha yetu, na wewe kwa lugha yako. Kuja ipo juu, ina maana ya kwenda. Kuja ipo chini, ina maana ya kuja. Sauti ni moja.

Asubuhi niliyoondoka nilikuwa nimeshafika mlangoni, begi liko begani. Baba alikuwa amekaa mezani nyuma yangu. Nilisikia, kwa sauti yangu mwenyewe: Rénovat. Kuja. Sikugeuka. Nilisikia: nenda. Niliichukua kama baraka yake, na kwa baraka hiyo nimevumilia huku baridi na njaa na kukatazwa kusema. Kila nilipotaka kurudi nyumbani nilijiambia, data amesema nenda.

Sasa wewe unaniambia kwamba kila jioni ananiita nije, nawe unamwahidi kwamba nitakuja.

Tarehe nane Desemba naweka nadhiri. Nikishaziweka, maisha yangu hayatakuwa tena ya kwangu kuyaamua. Siwezi kuziweka kwa baraka ambayo huenda nilijitungia mlangoni. Wala siwezi kuondoka kwa sababu ya neno ambalo huenda umelisikia vibaya. Nimekaa katikati, sisali, nasogeza midomo tu. Mlezi ameniona, ananiachia muda.

Naomba kitu kimoja. Ukiifufua programu, usimsikilize. Mtazame kidole. Juu au chini. Naijua heshima yako na ninaiomba ruhusa.

Rénovat

*

Nsemulwa
12 Novemba 2024

Shemeji,

Barua hii ni fupi kwa sababu habari ni mbaya.

Programu imekubali kuwaka ndani ya folda yake. Picha zote zipo kwenye skrini, ukibonyeza zinawaka. Sauti hakuna. Nimejaribu ninachokijua na nisichokijua. Spika ni nzima, redio ya mtandaoni inasikika hadi kwa Gabrieli, lakini ya baba kimya. Mara mbili nimefunika laptop nikatoka nje nikalia nyuma ya choo ili asinione.

Jean Bosco alikuwepo siku mbili. Nilimsomea barua yako, akaenda kumuuliza baba ana kwa ana: "Data, unataka Rénovat arudi?" Ndiyo. "Unataka abaki kule?" Ndiyo. Akamuuliza tena kwa Kirundi, ikawa hivyohivyo, na lile tabasamu. Jean Bosco akaniambia, "Nyie wawili mnamtesa mzee," akaingia kwenye lori lake.

Na kuna jambo lingine ambalo sikutaka kukuandikia. Baba ameacha kubonyeza. Kibodi naiweka mbele yake, anaisukuma pembeni. Hata kidole cha kutazama sina.

Minza

*

Monasterini
24 Novemba 2024

Shemeji,

Sauti haitoki kwa sababu uliifungia programu vizuri mno. Ndani ya folda ile hakuna spika; imeamini kwamba dunia yake ndiyo ile, na dunia ile haina vifaa. Toboa kitundu kimoja tu: unganisha sehemu ya vifaa vya mashine mpya na ile ya ndani ya folda. Mengine yaache yalivyo.

Najua barua hii inaweza kufika imechelewa. Abate anataka jibu langu Ijumaa, tarehe sita. Nimemweleza kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema hanifukuzi wala hanishikilii, ila mtu akitoka kabla ya nadhiri mlango huu haumfungukii tena. Ndiyo kanuni, na niliisoma kabla ya kuingia.

Umeniambia ameacha kubonyeza. Sijalala vizuri tangu niisome sentensi hiyo. Mtu aliyekuwa anaita akanyamaza amekata tamaa, na kama alikuwa ananiita mimi basi nimemwacha na maneno machache niliyomchagulia, kisha nikaenda zangu kumtafuta Mungu. Naogopa, Minza. Naogopa kubaki na naogopa kutoka.

Nimeamua hivi. Ijumaa ikifika bila neno kutoka kwenu, nitalichukua lile "kuja" kwa Kiswahili. Nitavua joho, nitapanda basi, nitakuja nyumbani. Usijilaumu kwa lolote.

Rénovat

*

Nsemulwa
3 Desemba 2024, jioni

Rénovat,

Barua yako imefika leo. Hii haiendi posta. Padre Kasimiri anasafiri kesho alfajiri kwenda kwenye mkutano huko kusini, na amenishikia Biblia kwamba Alhamisi ataiweka mkononi mwako, si kwa mlezi, si kwa Abate. Kwa hiyo kaa uisome yote, usiruke.

Kitundu chako kimenikuta nimeshakitoboa mwenyewe tangu juzi, asante. Programu inasema. Sauti yako ilipotoka baba alishtuka, akaishika laptop kwa mkono wa kushoto kama mtu anayemshika mtoto uso. Akabonyeza maji. Akabonyeza jua. Akabonyeza jina langu, mara nyingi, mpaka nikamwambia baba, mimi nipo, nimesikia. Tulicheka wote wawili.

Baada ya chakula nikafanya ulichoniomba. Niliomba radhi kwanza, kwa Kisukuma, ili mama yangu kule aliko asinilaani. Nikasimama mgongoni kwake. Nikakiona kidole kinapanda.

Ni safu ya juu, shemeji. Kirundi. Kuja ya kwenda. Jioni zote hizo nilizomwambia atakuja, vuta subira, yeye hakusema uje.

Nilitaka kukimbilia kalamu. Nilikuwa na furaha kwa ajili yako, nikajisemea basi, amebarikiwa, na iishe. Lakini nimefanya kazi na mashine muda mrefu, na najua ujumbe unaweza kuwa wa kweli na mtu bado akauelewa visivyo. Nikakumbuka kwamba katika maisha yetu yote mimi humjibu baba kabla sijamuuliza. Nikazunguka, nikakaa mbele yake kabisa, nikamtazama machoni, heshima nikaiweka kando. Nikamuuliza: "Kwenda, baba? Nani aende?"

Akaitazama kibodi. Mkono ukaenda kwenye majina. Ukapita Rénovat, ukapita Jean Bosco, ukapita Minza. Ukarudi mwanzo ukapita tena, polepole, kitufe kwa kitufe, juu na chini. Ndipo nikaona anachotafuta na nikaona kwamba hakipo. Rénovat, hukumwekea "mimi". Ulimwekea maji, chai, dawa, choo, jua, kivuli, na majina yetu wote. Baba Séverin humo hayumo. Nadhani uliona hakuna haja, maana ndiye mwenye kusema. Na mimi nimeishi na kibodi hiyo miaka yote hii nami sikuona.

Nilitaka kumwambia basi, baba, nimeelewa, lakini alininyamazisha kwa kiganja. Akashuka safu ya chini, ya Kiswahili, yangu mimi, ili nisikosee. Akabonyeza viatu. Kisha akapanda juu: kuja. Kisha: Rénovat.

Halafu akaanza kuinuka kutoka kwenye kiti.

Hakukuambia nenda, wala hakukuambia njoo. Siku ile upo mlangoni na begi, alikuwa anasema anataka kwenda nawe. Na kila jioni tangu hapo amekuwa akiniomba mimi nimpeleke kwa mwanawe, nami namjibu vuta subira. Nimelia, na sioni aibu kukuandikia hivyo. Alipoacha kubonyeza hakukukatia tamaa wewe. Alichoka na mimi.

Nilimuuliza kama anajua kwamba kule kuna nadhiri, kwamba ukishaziweka hutarudi nyumbani kuishi. Akatikisa ndiyo, ambayo wewe na mimi tunajua haina maana. Kwa hiyo baraka yako sina, usiitafute kwenye barua hii. Utamuuliza mwenyewe, uso kwa uso, kisha utazame kidole. Ukiamua kubaki, amua ukiwa umemwona. Ukiamua kutoka, vivyo hivyo.

Jean Bosco ameliacha lori Sibwesa na amekuja na pikipiki akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Atambeba baba kwenye basi, mimi nitabeba laptop na kibodi. Baba amevaa viatu tangu jana, hataki kuvuliwa, amelala navyo. Tunaondoka kesho nyuma ya Padre, na Mungu akipenda Jumamosi tutakuwa getini kwenu. Waambie mapema kwamba mkaza mwana wa Kisukuma anaingia na kompyuta na hataiacha mlangoni.

Kwa hiyo Ijumaa mwambie Abate asubiri siku moja. Usivue joho, usipande basi, usisogee hata hatua moja, maana ukitoka tutapishana njiani na mzee huyu hana nguvu za safari ya pili. Kaa hapohapo ulipo.

Tunakuja. Kwa Kiswahili.

Minza